Kaka amekula dawa, hali ni ile ile. Haya matibabu ya sumaku ya kichwa yakoje?

BintiWaMatondoni

Asalaam aleikum. Naomba msaada wenu, na mwenye kutaka kucheka apite uzi mwingine.

Kaka yangu mkubwa ni fundi wa mashua huku Matondoni, Lamu. Tangu kaskazi iliyopita hajashika tezo. Kuna jahazi la watu limekaa juu ya magogo, upande mmoja mbao zimeshagongelewa, upande wa pili mataruma yako wazi, na mwenye chombo amechoka kupiga simu. Kaka analala mchana kutwa, usiku yu macho. Kula mpaka abembelezwe. Ukimsemesha anakujibu neno moja, uso ameuelekeza ukutani. Juzi kamwambia mkewe kwamba yeye amekuwa mzigo, watu wangepumzika asipokuwepo.

Alisomewa ruqya, akanywa kombe la maji ya aya. Hospitali alipewa amitriptyline, baadaye fluoxetine. Hatujaona tofauti. Sasa binamu yetu aliyeko Uingereza ametuma ujumbe wa sauti: huko mtu mwenye sonona anawekewa sumaku kichwani, halazwi, hadungwi sindano, na wanapona. Mama aliposikia "umeme" na "kichwa" kwenye sentensi moja akaangua kilio. Anamkumbuka mtu wa mtaa wetu aliyepelekwa bara zamani, akapigwa shoti, akarudi hajui jina la mwanawe.

Je, ni kitu kimoja? Kuna mtu wa pwani amefanyiwa?

KijanaWaShela

Mimi nilimshika yule samaki taa mwenye umeme tukivua nyavu usiku. Mkono ulikufa ganzi mpaka begani. Furaha sikuiona 😂

MpigaHesabu

Kijana, unacheka lakini umegusa kweli. Mganga wa Kirumi, Scribonius Largus, karne ya kwanza, aliandika kwamba mwenye kuumwa kichwa kwa muda mrefu awekewe samaki huyo huyo akiwa hai, pale panapouma, mpaka pafe ganzi. Kwa hiyo wazo la umeme kichwani ni la zamani kuliko Uislamu. Haya, tuwaache wenye kujua.

SistaMalindi

Wa aleikum salaam dada. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, Malindi.

Kabla ya sumaku. Hayo maneno ya "wangepumzika nisipokuwepo" hayaachwi yakapita. Muulize waziwazi kama anafikiria kujitoa roho. Kumuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo, na wengi huwa wanangoja tu mtu awaulize. Kamba, dawa ya panya na vidonge vyake vyote viwe mikononi mwa mkewe au mwako, hasa hiyo amitriptyline, maana ikinywewa nyingi kwa mpigo inasimamisha moyo. Usiku ukiwa mzito piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu, haina malipo. Ukiona amezidi, ni hospitali ya King Fahd saa hiyo hiyo, msingoje asubuhi wala boti ya kwanza.

Sasa swali lako. Si kitu kimoja.

Shoti anayoikumbuka mama ndiyo ECT. Ilianza Roma mwaka 1938, mikononi mwa Cerletti na Bini, na miaka ile ya mwanzo mgonjwa alifanyiwa akiwa macho. Watu walivunjika mifupa kwa nguvu ya degedege. Inavyotakiwa leo, mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, akachomwa dawa ya kulegeza misuli, akavutishwa oksijeni, akawekewa mpira kati ya meno, ndipo umeme ukapitishwa sekunde chache. Ubongo unapata kifafa cha makusudi, mara nyingi hakifiki hata dakika, mwili umetulia kitandani. Ni mara mbili au tatu kwa wiki, jumla mara 6 hadi 12. Watu wanaiogopa, na sababu wanazo, lakini kwa sonona kali, ya mtu aliyeacha kula na kunywa, hakuna tiba nyingine inayoifikia. Hapa Kenya inafanywa, hospitali ya Mathari, Nairobi, wanayo.

Sumaku ndiyo TMS. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake, Sheffield, walionyesha kwamba ukiweka koili juu ya fuvu ukapitisha mkondo mkubwa kwa kufumba na kufumbua, nguvu ya sumaku inapita mfupa na kuamsha mkondo mdogo kwenye ubongo wenyewe, sentimita mbili tatu ndani. Nguvu yake inakaribia ile ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ila ni kwa nukta ndogo sana ya sekunde. Hakuna nusukaputi na hakuna kifafa kinachotafutwa. Marekani waliiidhinisha kwa sonona mwaka 2008.

Nieleze inavyokwenda, labda mama atatulia. Mgonjwa anakaa kwenye kiti, nguo zake mwenyewe, hereni na saa ametoa. Siku ya kwanza fundi wa mashine anaisogeza koili kidogo kidogo juu ya kichwa upande wa kushoto, mpaka kidole gumba cha mkono wa kulia kiruke chenyewe. Hapo wanajua nguvu inayomfaa mtu huyo, maana vichwa havilingani. Kisha wanaisogeza mbele, juu ya paji kushoto, sehemu ya ubongo ambayo kwa wenye sonona mara nyingi huonekana imezubaa. Ikianza inagonga kama kigong'ota juu ya mnazi, ndiyo maana mtu hupewa vizibo vya masikio. Ngozi ya kichwa huuma siku za mwanzo, nyusi hurukaruka. Muda ukiisha anashuka kitini anakwenda zake sokoni.

Ila ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki nne mpaka sita.

Nina maswali yangu pia. Kaka ni fundi: amewahi kuingiwa na kipande cha msumari au cheche ya chuma jichoni? Chuma kichwani ni sababu ya kukataliwa kabisa. Ana kifafa? Anakula miraa? Anakunywa? Na dawa alizokula zilikuwa miligramu ngapi, kwa muda gani? Hili la mwisho nijibu kwa makini.

MpigaHesabu

Sista ameeleza vizuri, mimi nilete ndoo ya maji baridi kidogo, maana binamu kasema "wanapona" bila kusema wangapi.

Jaribio la mwaka 2010 lililoongozwa na Mark George, Marekani, lilikuwa na watu 190 ambao dawa zilishindwa kuwafaa. Nusu waliwekewa sumaku ya kweli, nusu koili ya bandia inayogonga vile vile. Walioondokewa na sonona: 14 katika kila 100 upande wa kweli, 5 upande wa bandia. Ukienda kwenye kliniki zenyewe utaambiwa karibu nusu wanapata nafuu na theluthi wanapona. Sawa, lakini huko hakuna koili ya bandia ya kulinganisha, na wengi bado wako kwenye dawa. Mtu akikupa namba ya kliniki bila kukupa ile ya jaribio, jua anauza.

Kisha kuna wale wa chuo cha Stanford, Marekani, mwaka 2022: vipindi 10 kwa siku, siku tano tu, mahali pa kulenga pametafutwa kwa picha ya MRI ya mtu mmoja mmoja. Walioondokewa na sonona wakawa 79 katika 100, dhidi ya 13 wa bandia. Namba tamu. Uliza walikuwa watu wangapi: 29, pande zote mbili.

Kilichonifurahisha mimi ni jaribio la Canada la 2018, na hakuna anayelipigia debe. Watu 414. Njia ya zamani inachukua dakika 37 na nusu kila kikao. Wao wakajaribu mipigo ya haraka haraka ya dakika tatu, na matokeo hayakuwa pungufu. Mashine moja iliyokuwa ikihudumia watu kumi na kitu kwa siku inaweza kuhudumia mara kadhaa ya hao. Kwa nchi yenye mashine za kuhesabu, hiyo ndiyo habari.

MamaWawili

Nimesoma kimya, sasa niseme. Mimi nimefanyiwa ECT. Ni mtu wa Malindi, na ilikuwa Nairobi.

Baada ya kumzaa wa pili niliacha kula. Nikawa nasikia sauti inaniambia nimeoza ndani na maziwa yangu ni sumu, mtoto simnyonyeshi. Mwisho hata maji nikakataa. Mume wangu ndiye aliyetia saini, mimi sikuwa wa kutia saini kitu.

Ninachokikumbuka ni mkanda wa presha walionifunga kwenye kifundo cha mguu. Nikauliza, kwa nini mguuni? Daktari wa usingizi akasema wanaubana ule mguu dawa ya kulegeza isiufikie, ili wauone ukitikisika na wajue kifafa kimekuja, kwa sababu mwili uliobaki hautaonyesha chochote. Nikahisi baridi inapanda mkononi, basi. Nilipoamka kichwa kinagonga, taya zinauma, na nataka chai. Nataka chai! Mtu aliyekuwa hataki maji. Muuguzi aliniletea na mikate miwili, nikala yote, mume wangu akatoka nje ya wodi.

Kilichopotea ni harusi ya mdogo wangu. Picha ninazo, nimepakwa hina mpaka viwikoni, nacheka na watu ninaowajua. Sikumbuki wimbo hata mmoja. Mambo mengine ya miezi ile yalirudi polepole, hilo halikurudi. Nikiulizwa kama ningekubali tena, ningekubali. Lakini msimwambie mama wa watu kwamba haichukui kitu. Inachukua.

MjukuuWaMkomani

Yako ilikuwa ya kistaarabu dada. Ami yangu alifanyiwa miaka ya nyuma, hospitali siitaji, watu wanne wamemshika mikono na miguu, macho kodo. Alikuwa akisimulia anatetemeka. Msitulaumu tukikimbia.

SistaMalindi

Sikulaumu. Kufanya ECT bila nusukaputi na bila dawa ya kulegeza ni jambo ambalo Shirika la Afya Duniani limesema lisifanywe. Ukifika popote wakakwambia leo mtaalamu wa usingizi hayupo tufanye hivyo hivyo, mchukue mgonjwa wako mwondoke. Una haki hiyo.

MamaWawili, ahsante. Niongeze kitu ambacho familia huwa hawaambiwi: ECT ikimaliza kazi, dawa lazima zifuate. Jaribio la Sackeim la mwaka 2001 liliwafuata watu waliopona kwa ECT. Waliopewa vidonge vya bandia baada yake, 84 katika 100 waliangukia kule kule ndani ya miezi sita. Waliopewa dawa za kweli, nortriptyline pamoja na lithium, 39. Bado ni wengi, lakini nusu ya wale.

FundiSimuLangoni

Kuna kifaa nimekiona mtandaoni, mkanda wa kichwa, sponji mbili za maji ya chumvi na betri. Nimefungua mchoro wake, ni betri ya volti 9 na vitu vidogo vidogo. Naweza kumuundia kaka kwa bei ya mafuta ya boti. Serious.

MpigaHesabu

Usithubutu. Hiyo inaitwa tDCS, mkondo mdogo wa betri unaopitishwa kichwani, miliampia 2 kwa nusu saa. Hata kwa vifaa vya maana mambo bado ni mvutano: jaribio la Ujerumani la 2023, watu 160 waliokuwa kwenye dawa, kifaa cha kweli na cha bandia vikatoka sare. Mwaka 2024 likaja la Uingereza na Marekani, watu 174 wakijivalisha nyumbani wiki 10, hilo likaona faida. Lakini wote walichunguzwa kwanza na kufuatiliwa kwa video. Wewe huna kipimo cha kuzuia mkondo usipande sponji ikikauka. Utamchoma mtu ngozi ya paji.

FundiSimuLangoni

Haya bwana, nimesikia. Nibaki na skrini zangu.

MaalimLangoni

Binti yangu, mimi hayo ya mitambo siyayui, na sitayasemea. Nimuambie mamako jambo moja. Kumsomea kaka na kumpeleka kwa tabibu havipingani. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Kisomo kiendelee, na dawa iendelee. Anayewaambia acheni vidonge mpaka pepo atoke, huyo mfungieni mlango. Na mimi kesho baada ya alasiri ntakuya Matondoni kumtazama, si kumsomea, kukaa naye tu.

BintiWaMatondoni

Nyote Mungu awalipe. Maalim, karibu sana, mama atafurahi.

Sista, majibu. Kifafa hana. Pombe hapana. Miraa alikuwa akila, ameacha tangu augue. Chuma jichoni, ndiyo, aliwahi kuingiwa na kitu akinoa, alitolewa hospitali, sina hakika kama kilitoka chote. Amitriptyline ni ya 25, kidonge kimoja usiku. Fluoxetine ni ya 20, alikula wiki kama tatu hivi, ikakosekana hospitali, kwenye duka la dawa ni ghali, tukaacha.

SistaMalindi

Hapo sasa. Dada, kaka yako dawa hazijashindwa kumtibu. Hajazipata.

Amitriptyline ya 25 usiku ni ya kumpa mtu usingizi na kupunguza maumivu. Ya kutibu sonona kwa mtu mzima kwa kawaida ni 75 hadi 150, inapandishwa polepole, na ni daktari wa kuipandisha, si wewe nyumbani, kwa sababu ya moyo. Fluoxetine ya 20 inataka wiki nne mpaka sita ndipo uihukumu. Ya wiki tatu kisha ikakatika, hiyo hatuihesabu. Hata huko Uingereza kwa binamu, mtu hahesabiwi kwamba dawa zimemshinda mpaka awe amekula angalau aina mbili, kipimo kamili, muda kamili. Binamu anaona mashine kwa sababu huko ngazi za chini zote zimeshapandwa.

Naona hili kila wiki. Mgonjwa anasafirishwa mpaka Nairobi kutafuta tiba kubwa, kumbe tiba ndogo ilikuwa imekatika kwa kukosa kidonge. Kwa hiyo, arudi King Fahd aanze upya kwa mpango. Wampime damu na tezi ya shingo, maana tezi ikilala mtu anakuwa hivyo hivyo. Hilo la jicho waliandike kwenye faili, picha ya eksirei itaonyesha kama kuna chuma. Ni muhimu kwa MRI yoyote mbele ya safari, hata kama TMS haitakuja.

Na maneno pia ni tiba. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafunza wanawake wa mitaani, wengi bibi wa umri mkubwa, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kutatua tatizo moja moja. Jaribio lao lilitoka 2016, watu 573, na waliokaa benchi walifanya vizuri zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Maalim akija kukaa naye, amtoe nje. Wafike hata kwenye lile jahazi, asishike kitu, wakae kivulini kwa muda mfupi kisha warudi. Kesho tena. Msingoje hamu irudi ndipo atoke. Kwa ugonjwa huu mara nyingi mtu hutoka kwanza, hamu ikamfuata.

MjukuuWaMkomani

Swali. Akienda hospitali akasema ukweli kwamba anafikiria kujiua, si polisi wataitwa? Ilikuwa kosa la jinai.

MpigaHesabu

Kosa lilikuwa kujaribu, kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, si kufikiria. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Aseme ukweli kwa daktari.

MamaWawili

Na Ramadhani? Mimi ECT ilinikuta nje ya mwezi, lakini nauliza kwa wengine.

SistaMalindi

ECT mgonjwa hali wala hanywi saa kadhaa kabla kwa ajili ya nusukaputi, kisha hupewa dawa kwa mshipa, kwa hiyo hilo muulizeni Maalim. TMS hakuna kinachoingia mwilini. Tatizo lake ni usingizi: anayekesha mpaka daku akaja kitini hajalala, hatari ya kifafa inapanda. Kwa kawaida ni ndogo, haifiki mtu mmoja katika 1,000, lakini kukesha kunaiongeza. Awaambie.

KijanaWaShela

Na zile za kupasua kichwa na kutia waya? Niliona video.

MpigaHesabu

Ipo. Helen Mayberg na wenzake, Toronto, 2005: wagonjwa sita, wanne wakapata nafuu kubwa, waya ndani ya ubongo na betri chini ya mtulinga. Baadaye jaribio kubwa likasimamishwa njiani kwa sababu waliowashiwa hawakuwashinda ambao hawakuwashiwa. Bado wanaendelea nayo kwa wachache sana. Si ya kuizungumzia kwa kaka huyu.

Ninachosema mimi, ile ya dakika tatu iletwe Mombasa. Mashine moja hospitali ya Coast General ingehudumia kuanzia Kwale mpaka Kiunga. Mtu analala kwa jamaa zake, anafika asubuhi, anarudi. Kwenda Nairobi wiki sita, nauli, pango, na mtu wa kukaa naye aliyeacha kazi yake, hiyo ndiyo gharama inayowashinda watu, kabla hata hujaulizia bei ya mashine.

SistaMalindi

Bwana Hesabu, kwa mdomo tunaelewana. Ila ukinipa fedha hizo leo, sinunui mashine. Nanunua fluoxetine isikatike mwaka mzima kutoka Faza mpaka Witu, na namwajiri mtaalamu mmoja wa usingizi wa kuturuhusu kufanya ECT salama huku huku pwani kwa wale walioacha kula. Zikibaki ndipo tuzungumze sumaku.

MpigaHesabu

Zitabaki wapi. Lakini hoja yako nimeiona, ingawa sikubali kwamba tungoje. Kila kitu kikingoja foleni yake sisi wa pwani hatufikiwi.

BintiWaMatondoni

Tumepata miadi King Fahd, Jumatatu. Kaka amekubali kwenda kwa sharti mkewe aingie naye. Nilimuuliza lile swali, Sista. Amesema ndiyo, amewahi kulifikiria, na akalia, mara ya kwanza tangu augue. Dawa ziko kwangu, kwenye sanduku lenye kufuli.

Niende na nini?

SistaMalindi

Umefanya vizuri sana dada yangu. Nenda na paketi zote za dawa, hata tupu. Andika kwenye karatasi: jina la dawa, miligramu, alianza lini, aliacha lini na kwa nini. Andika na hilo la kipande cha chuma, jicho gani. Andika maneno aliyomwambia mkewe kama alivyoyasema, usiyapunguze makali kwa kuona haya. Na mwombe daktari aandike kwenye cheti dawa mbadala iwapo ya kwanza itakosekana, ili muuza duka asiwape chochote kilichopo. Karatasi hiyo ipige picha, uwe nayo kwenye simu, maana faili nazo hupotea.

BintiWaMatondoni

Jicho ni la kushoto. Naandika sasa hivi.